Viti Sita Vilivyokunywa Beterave

Tegua hii: kilizaliwa cheupe kama ugali, kikanywa supu, kikawa mukubwa wa salon. Ni nini? Usijibu haraka. Papa Barthélemy alijibu haraka, na tuone alifika wapi.

Ilianzia kwenye resto moja ya mbao kule Kadutu, Guylain alipomwaga saladi ya beterave, kile kiazi chekundu, juu ya benchi. Mutu mwingine angeomba kitambaa. Guylain akainama, akatazama. Benchi ilikuwa ya eucalyptus, ile mbao nyeupe ya kila mutu, lakini pale maji ya beterave yalipopita palikuwa pekundu. Nyekundu ya heshima, kama libuyu, muti wa porini ambao wakubwa wa Bukavu wanauweka kwa salon, pale wanapokaribisha wageni, ili hao waulize bei.

"Maman," akaita, "niongeze beterave."

"Na nyama?"

"Acha nyama. Hii ni kazi."

Guylain huyu alikuwa na miaka makumi tatu na moja, shati yenye kupigwa pasi, na ulimi wenye kupigwa pasi zaidi. Alitaka kumuoa Aurore, mushonaji wa nguo, na jamaa ya Aurore ilikuwa imeomba mbuzi sita. Alikuwa na watano. Mbuzi mumoja tu, basi, ndiye aliyesimama kati yake na harusi.

Alifanya majaribio kama professeur wa université. Juu ya bati aliweka vipande vinne vya eucalyptus: kimoja cha beterave, kimoja cha majani ya chai, kimoja cha kahawa, na kimoja cha permanganate, ile dawa ya zambarau ya kuoshea mboga. Baada ya siku nane, jua na mvua vilikuwa vimekata kesi. Beterave ilikuwa imekwenda zake, imeacha alama ya aibu kidogo. Chai ilibaki ya njano-njano, kama meno ya mutu wa tumbako. Kahawa ilikuwa inaaga. Permanganate peke yake ilishikilia, kahawia, ngumu, lakini sura yake ilikuwa ya mulango wa gereza.

Mutu mwenye dhamiri angechagua permanganate. Guylain akachagua beterave. Alijiambia hivi: rangi haina lazima ya kudumu kupita maongezi ya bei.

Kila asubuhi akawa anashuka soko ya Kadutu, kwa maman mumoja muuza mboga, Maman Adélaïde.

"Mutoto wangu, kilo tatu kila siku? Unakula na nani?"

"Maman, sina damu. Docteur amesema nikunywe beterave."

Maman Adélaïde akatazama yale mashavu yenye kung'aa, akahuzunika vilevile, akamwongezea mbili za bure.

"Kunywa, papa. Usitufie hapa sokoni."

Viti sita vya eucalyptus, alivyonunua kwa bei ya kuni, vikanywa siku tatu, juu na chini, hata tumboni ambako wajanja wanapenda kukwaruza. Kisha Guylain akayeyusha mushumaa, akapaka, akasugua na soksi mpaka viti vikamwonyesha uso wake mwenyewe.

Sasa, kuuza libuyu ya uongo kwa bei ya libuyu, hiyo ni kazi ya wanafunzi. Guylain alikuwa na diplôme. Alivaa bote za mvua na kofia iliyochanika, akapanga viti kandokando ya barabara kule Miti, pale yanapotokea magari ya Bunyakiri, kwenye pori za libuyu, akakaa kwenye majani kama mutu aliyechoshwa na dunia.

Papa Barthélemy akapita, tumbo mbele, anatoka kutazama shamba, mbuzi wake nyuma. Akaona viti. Akajifanya hajaviona. Akarudi.

"Kijana, hizi kuni unauza?"

"Si kuni, papa, njo viti. Ni ya babu yangu kule Bunyakiri, alishakufa. Minachoka kubeba."

"Na mbona mbao ni nyekundu?"

"Imeoza, papa. Batu banasema mbao ikizeeka inakuwa vile."

Moyo wa Papa Barthélemy ukapiga ngoma. Libuyu! Na mujinga huyu hajui! Akakwaruza kwa ukucha: nyekundu. Akageuza kiti: nyekundu. Akavaa uso wa huruma, ule anaouvaaga kanisani.

"Kweli imeoza. Lakini minakuhurumia. Mbuzi moja kwa viti yote."

"Papa, Mungu akubariki."

"Ila usimwambie mutu. Batakucheka."

Ndivyo wajanja wawili walivyoachana pale Miti, kila mumoja anamuonea mwenzake huruma. Mbuzi, dume mwenye sikio moja lililokatika, akamfuata Guylain akigeuka-geuka nyuma.

Papa Barthélemy alikuwa na haraka yake. Binti ya mudogo wake alikuwa anaposwa, dot, siku ya kutoa mahari, ingefanyika kwake, na jamaa yote ilikuwa imemuchangia anunue viti vya kupokea wakwe. Akawaonyesha libuyu, akawaambia michango imeisha yote, tena ameongeza yake. Akavifunika viti kwa magunia, jua lisivione.

Binti yenyewe jina lake Aurore.

Majuma matatu baadaye, Guylain akapanda vijia vya Kadutu na suti nyeupe ya kukodi, mbuzi sita nyuma, na mujomba wake, tonton Anaclet, mbele kama musemaji. Siku ya dot musemaji ndiye anaongea. Mukwe anakaa pale anapokalishwa na anafunga mudomo. Kukataa kiti cha wakwe ni kumukataa binti.

Akaingia uani. Chini ya bâche, turubai ya kukinga mvua, viti sita vyekundu vilikuwa vinamungojea.

"Wakwe, mukae!" Papa Barthélemy akaita. Bila bote na kofia, hakumutambua kijana. "Libuyu ya kweli hiyo!"

Tonton Anaclet akakaa. Guylain akabaki amesimama.

"Kaa, we!" tonton akanong'ona. "Unataka kutuharibia?"

"Tonton, niko na jipu."

Anaclet akasafisha koo. "Wazee, mukwe wenu anasema kiti ni kizuri mno, anaogopa kukichafua."

Watu wakapiga makofi. Papa Barthélemy akamushika mabega, akamukalisha kwa nguvu za mapendo.

Mvua ya Bukavu haiombi ruhusa. Bâche ilikuwa na tundu, na tundu lilikuwa juu ya Guylain. Akasikia ubaridi kiunoni, kisha chini ya kiuno. Akabana magoti, akamuomba Mungu mushumaa ushikilie.

Hapo wakaanza kuhesabu mbuzi. Wa sita akavuta kamba, akapita kati ya wageni bila pardon, moja kwa moja mpaka kwa Papa Barthélemy, akaingiza mudomo kwenye mufuko wa koti ambamo muzee anawekaga chumvi.

Papa Barthélemy akatazama sikio lililokatika. Akamutazama Guylain. Kwa macho akamuvalisha kofia, akamuvalisha bote. Angemuita mwizi namna gani? Kwanza angeeleza jamaa kwamba viti vya michango alivilipa kwa mbuzi mumoja.

"Mbuzi hii... inapenda batu," akasema.

"Sana, papa," Guylain akajibu, na mukwe haruhusiwi kuongea.

Ingeishia hapo, wezi wawili wamesameheana kimya kimya. Lakini shangazi ya Aurore akatoka jikoni na sinia ya samaki, naye alikuwa Maman Adélaïde.

"Eh! Mutoto wa beterave! We njo mukwe? Simama nikukumbatie! Damu imerudi?"

Akamuinua kwa mukono. Suti nyeupe, kuanzia kiunoni mpaka magotini, ilikuwa nyekundu. Wamaman wakapiga kelele.

"Imerudi," Maman Adélaïde akasema, "lakini imekosea njia."

Akapitisha kidole juu ya kiti, akakilamba. Akafunga macho. Sasa na wewe unaweza kutegua.

"Barthélemy, libuyu yako ilitoka kwenye meza yangu ya sokoni. Uliilipa ngapi?"

Papa Barthélemy akamutazama mbuzi. Mbuzi, chumvi mudomoni, hakumusaidia.

Aurore akatoka chumbani bila kuitwa, kitu ambacho hakifanyiki. Akamuzunguka Guylain polepole, akaangalia nyuma ya suti.

"Rangi yako inadumu siku ngapi, Guylain?"

Guylain akafunika nyuma ya suti kwa mikono miwili.

Hukumu ikakatwa na Maman Adélaïde. Mbuzi wa sikio ni wake, kwa zile beterave mbili alizozitoa akimulilia kijana mwenye afya. Barthélemy ataingia jikoni kuwaeleza wanawake michango ilienda wapi. "Na we, mutoto wa beterave, panda Bunyakiri na miguu yako, lete libuyu ya kweli. Viti sita. Vitalala hapa uani tangu Septemba mpaka Desemba. Vikibaki vyekundu, tutarudilia maneno ya dot."

Guylain akaenda. Alivaa bote zilezile na kofia ileile, na safari hii hazikumudanganya mutu. Viti vikaja, vikakaa uani, vikala mvua ya miezi minne. Kila Jumapili akapita kuvitazama kama mutu anayetembelea mugonjwa. Aurore alikuwa anamusalimia mulangoni, bila kumukaribisha.

Siku ya mwisho Maman Adélaïde akaja na kitambaa cheupe, kimelowana. Akasugua kiti cha kwanza, cha pili, mpaka cha sita. Akakiinua kitambaa juu, wote waone. Cheupe. Mulangoni Aurore akacheka, akifunika mudomo. Guylain akapumua, akaweka kola sawa, akaanza hotuba.

"Ngoja kwanza," Maman Adélaïde akasema, akikunja kitambaa upande mwingine. "Viti vimepita. Sasa toa ulimi, tujaribu na huo."