Ulimi wa Zambarau

Jumatatu, 2 Desemba 1996
Sijamwambia mtu: Bibi Theodosia amesahau jina langu. Ananiita Levina, marehemu dada yake. Naitika. Naona haya kumsahihisha. Tena Mjomba Hermenegildi ameapa, akisikia Bibi amesahau jambo tena, atamhamishia kwake Mlimba. Mimi nibaki na nani?
Lakini leo redio! Daktari amesema mboga za majani na matunda yenye rangi kali yana kitu kinachosaidia ubongo wa wazee. Hapo betri zikaisha. Si kitu. Nimesikia ya kutosha.

Jumatano, 4 Desemba
Matembele mchana, matembele usiku. Bibi ameuliza kama nafuga mbuzi, na samaki wamekwenda wapi. Nikajibu hawapatikani. Ifakara hii, yenye samaki tele! Hapohapo harufu ya perege wa jirani ikaingia dirishani.

Ijumaa, 6 Desemba
Nimepika wali kwa maji ya choya, yale maua mekundu ya juisi. Mwekundu, mchachu. Bibi akasema tangu azaliwe hajaona mchele unaotoka damu. Violeth wa jirani akachungulia: eti kumaliza kidato cha nne kote kule, wali umenishinda! Kuku nao wamekataa.

Jumapili, 8 Desemba
Balaa! Mjomba kaja jana na treni. Leo njiani kwenda misa, yeye katangulia, nikamlisha Bibi zambarau zifike kichwani haraka. Mfungo wa Komunyo, kutokula saa nzima kabla ya kupokea, nikausahau kabisa. Mimi, mwenye ubongo mzima!
Zamu yake ya kupokea ilipofika, Bibi akatoa ulimi mweusi kama wino. Padre akasita, akanong'ona kama amekula. Bibi hanong'oni. Akajibu kanisa zima lisikie: “Nimelishwa, Baba! Leo zambarau, juzi wali wa damu, kabla ya hapo matembele mpaka nikaota mkia!” Akapewa baraka tu.
Mjomba alicheka hadi nyumbani. Akasema anayekumbuka yote hayo abaki hapahapa kwetu Mlabani. Nikamtajia redio. Kumbe yeye aliisikia hadi mwisho: kula hivyo ni mazoea ya miaka mingi, si dawa, wala hakuna uhakika. Nimwache mama wa watu ale samaki wake.

Jumatatu, 9 Desemba
Bibi kaniamsha: “Levina, kumekucha.”
Matembele anayakumbuka! Mimi hapana!
Basi, miaka mingi. Sawa. Nimenunua ndoo nzima ya bilinganya, miaka yote iingie kabla ya Krismasi. Mjomba asijue. Bibi naye asijue, nakuomba sana, daftari langu: zimo ndani ya uji.