Daktari wa Mbali Zaidi

Leo nimeumbuka. Sijui kesho nitafungua duka kwa uso gani.

Nina jipu. Mahali penyewe (wacha tuseme ni pale pa kukalia). Wiki hii yote nimehudumia wateja wima kama askari wa benki. Ningevumilia, lakini Jumamosi napeleka mahari kwa kina Wambui, na kwenye ruracio mtu huketi. Anaketi asubuhi hadi jioni, kiti cha mbao, akitazamwa na wazee.

Kliniki? Hii ni Nyeri! Nesi wetu anaimba kwaya moja na Tata Wanja, shangazi yake Wambui, ambaye anauza viazi ng'ambo ya barabara, mkabala na duka langu la dawa za mifugo na wadudu. Na kwetu mambo ya ndani ya suruali hayatajwi karibu na wakwe. Hata kukohoa mbele yao unafikiria mara mbili.

Basi nikatafuta daktari wa mtandaoni. Huduma ni nyingi. Wengine huchagua kwa bei, wengine kwa ujuzi wa daktari. Mimi nilichagua kwa umbali (msomi!). Ya kwanza ilinipa daktari wa Karatina: hapana, huko nina binamu. Ya pili, Timau: nilisoma na watu wa huko. Ya tatu ilikuwa na Daktari Zuhura wa Mombasa. Jina la mtu asiyeweza kuwa na shangazi Nyeri! Nikalipia papo hapo.

Saa ilipofika, nikasimamisha lile tangazo linalotoka kwenye simu yangu hadi spika iliyo juu ya mlango: "Panya! Kunguni! Mende! Dawa iko hapa!" Nikafunga duka, nikajificha stoo, katikati ya magunia ya chakula cha ng'ombe. Nyuma ya ukuta, mashine ya jirani ya kusaga mahindi ilikuwa ikinguruma. Nikafurahi sana. Nani atanisikia?

Daktari akatokea kwenye simu, mtandio safi, tabasamu. Midomo inacheza, sauti hakuna.

"Daktari, sikusikii! Ongeza sauti!"

Midomo ikafunguka zaidi. Kimya.

"Bado! Paza kabisa!"

Mama wa watu akapaza hadi mishipa ya shingo ikamtoka. (Nami nikamhurumia, eti mtandao wa Mombasa ni mbovu.)

Ndipo mashine ya jirani ikazimwa. Na huko nje, juu ya mlango wangu, nikasikia Kiswahili cha pwani, kila neno limepigwa pasi:

"KAKA YANGU, NAULIZA, JIPU LIPO TAKO LA KULIA AU LA KUSHOTO?"

Mungu wangu! Tangazo nilikuwa nimelisimamisha. Spika sikuizima.

Kabla kidole hakijapata pa kubonyeza, mwanamume mmoja akajibu kutoka barabarani: "Ni ya kushoto, daktari! Tumeona vile anachechemea!"

Barabara nzima ikaangua kicheko. Simu ikaniponyoka, ikazama kwenye chakula cha ng'ombe, na daktari akaendelea: "USILIKAMUE, KAKA! TAFADHALI USILIKAMUE!"

Nilipofungua mlango, Tata Wanja alikuwa amesimama hapo, leso mdomoni, machozi yakimtiririka.

"Woi, muthoni, mkwe wangu! Si ungeniambia tu? Niko na dawa ya hiyo kitu nyumbani."

"Tata, nakuomba, usiwaambie kina Wambui."

"Ati nisiwaambie? Nimepiga simu kitambo! Baba Wambui amesema usijali. Jumamosi hakuna mtu atakaa chini. Wazee wote watasimama na wewe."

Na ninavyomjua mzee huyo, hatanii. Mahari yangu itajadiliwa wima, kuanzia sala ya kufungua hadi ya kufunga. Atakayecheka, naye jipu limwote palepale.