Tairi la Ardhi Yote

Jumanne, 3 Oktoba

Tairi limefika kutoka mjini! Ubavuni lina herufi nene: ARDHI YOTE. Mtumba, ndiyo, lakini meno bado yapo. Nimelifunga kwenye gurudumu la nyuma la pikipiki.

Chama cha wapika pombe ya mahindi kinatafuta mtu wa kupeleka madumu soko la Jumapili, msimu mzima. Mwenyekiti ni baba mkwe, mzee Lầu, anayeniona mzigo wa bintiye. Mpinzani wangu ni Máy, mjane mwenye farasi. Farasi! Karne hii!

Jumatano, 4 Oktoba

Mkutano. Nikawafafanulia maana ya ardhi, kwa kuwa watu hawa wanaishi juu yake bila kuielewa. Nikasema ardhi si udongo wa kupandia mahindi tu. Ni miinuko, miteremko, mawe, utelezi, na jinsi hayo yote yanavyomtendea msafiri. Mzee mmoja akakoroma. Ujinga mzigo!

Máy akauliza kama tairi langu limewahi kuiona ardhi yetu. Nikamjibu kwamba yote ni yote.

"Haya shemeji," akasema, "ila ya kwetu haijui kusoma."

Wakacheka kama mbuzi. Wakaamua tushindane Ijumaa, madumu manne kila mmoja, hadi sokoni.

Ijumaa, 6 Oktoba

Mvua tangu alfajiri. Safi! Nikampita Máy kona ya kwanza na kumpigia honi ndefu. Kona ya tatu, tairi la nyuma lilishika barabara vizuri mno. La mbele, ambalo sikulibadilisha na lina upara kama baba mkwe, likaamua kwenda bondeni. Nikalifuata.

Nikakaa katikati ya mahindi ya watu, pombe ikinitiririka kifuani, mpaka nikasikia kwato. Máy hakucheka. Alifunga kamba, farasi akaivuta pikipiki, kisha akanivuta mimi. Afadhali angecheka.

Jumapili, 8 Oktoba

Kazi kapewa Máy. Upendeleo mtupu!

Baba mkwe kaja kunitazama mguu. Akauliza nimejifunza nini. Nikamwambia kosa si langu, wala si la tairi. Kosa ni la ardhi. Akaondoka bila kumaliza chai.

Basi, nimeachana na ardhi. Kitandani hapa nauona mto Nho Quế kule chini bondeni, kijani, umetulia. Maji hayana miinuko. Nimeshaagiza mtumbwi.