Mwangwi Miguuni mwa Zahoro

Jumatano, 2 Julai 1975. Nshamba

Habari kubwa! Wilaya imepata Land Rover yenye vipaza sauti juu ya paa. Itazunguka vijijini kuhimiza kisomo cha watu wazima. Inatafutwa sauti ya kukaa ndani yake. Sauti hiyo ni yangu. Nani mwingine? Nimesoma vitabu ambavyo hata panya wa maktaba hawajavifikia. Nimeandika barua kwa wahariri dhidi ya mabeberu, makabaila, na mwenye hoteli anayepunguza supu.

Kasoro moja tu. Bukoba mjini wanamleta Zahoro, mwimbaji wa dansi. Mtu wa suruali pana na hoja nyembamba. Siku ya Sabasaba kila mmoja wetu atahutubia hapa Nshamba, kisha Katibu wa Wilaya, Ndugu Mutembei, atachagua papo hapo.

Klaudia, mke wangu, kasema Zahoro ana sauti tamu. Nimemuuliza kama mapinduzi huletwa na asali. Kasema hajui, ila mimi nikihutubia sebuleni kuku hutoka nje.

Alhamisi, 3 Julai

Nimejitolea kusimamia mitambo ya Sabasaba. Hakuna aliyepinga. Hakuna aliyeitaka kazi hiyo pia.

Parokia inatuazima mtambo wa kwaya wa kuchanganya sauti. Sanduku la kijivu, zuri sana. Kila maikrofoni ina kitelezi chake: ukikishusha, uwanjani kimya. Juu ya kitelezi kuna vifundo viwili. Chekundu hupeleka sauti kwenye mashine ya mwangwi. Cha buluu huipeleka kwenye spika ndogo zinazolazwa jukwaani, mbele ya miguu ya msemaji, ili ajisikie. Na mwangwi unaporudi, unaamua mwenyewe uende uwanjani au miguuni.

Georgina, kiongozi wa kwaya, akaja kunifundisha. Mimi! Eti nikumbuke kwamba kifundo cha buluu hakijali kitelezi. Huchota sauti kabla haijafika huko. Kitelezi kikiwa chini, uwanja hausikii, lakini jukwaani bado wanasikia. Nimemwambia, dada yangu, bomba likifungwa limefungwa. Kasema, waitu mwalimu, bomba hili lina tundu kabla ya koki.

Nimemshukuru kwa baridi. Wasiosoma nadharia hupenda mifano.

Jumamosi, 5 Julai

Mpango umekamilika. Ni wa kisayansi!

Nikihutubia mimi: mwangwi uwanja mzima, kama mtu anayenguruma juu ya mlima. Akihutubia Zahoro: uwanjani sauti kavu kama muhogo wa juzi, na mwangwi wote naugeuza uende miguuni mwake peke yake. Kila neno litamrudia limechelewa, lilikanyage linalofuata. Hakuna binadamu anayeweza kuzungumza hivyo. Nimejaribu kanisani. Nilisema "Wananchi," nikamsikia mtu akisema "Wananchi," nikamkatalia.

Kashaija, jirani yangu, atakaa nami kuangalia jenereta. Nimemweleza kila kitu. Kauliza kama hiyo siyo dhuluma. Nikamfafanulia tofauti kati ya dhuluma na mkakati. Alisinzia katikati ya ufafanuzi.

Jumatatu, 7 Julai. Sabasaba!

Siku gani hii!

Uwanja ulijaa. Watu waliacha kahawa yao kwenye mikeka wakaja. Nilivaa kaunda suti. Kwenye meza ya mtambo nilikuwa na maikrofoni yangu ya kutangazia. Nikitangaza, kitelezi juu. Nikimaliza, kitelezi chini. Kifundo cha buluu nilikifungua wazi, wakubwa walioketi jukwaani wanisikie vizuri.

Nikahutubia wa kwanza. Mwangwi niliuacha umefunguliwa wote. Ukubwa ulioje! Nilisema "ubeberu," ukaenda hadi migombani, uliporudi ukanikuta nimefika kwenye "ukabaila." Maneno hayo mawili yakakumbana na "unyonyaji." Baada ya muda hakuna aliyejua niko sentensi ipi, mimi nikiwemo. Bibi mmoja wa mstari wa mbele akapaza sauti: "Ta, mzee wetu, hao wanaogombana humo ndani ni wangapi?"

Vicheko. Umma haujaiva.

Akapanda Zahoro. Nikageuza vifundo. Akasema "Ndugu zangu," spika ikamrudishia miguuni. Akashtuka! Nikamfinya Kashaija kwa furaha. Kumbe mhuni yule alinyamaza tu, akangoja mwangwi wake umalize, ndipo akasema la pili. Akangoja tena. Uwanjani mwangwi hausikiki. Wananchi wanaona mtu anayepima kila neno. Sentensi, kimya. Sentensi, kimya. Kina mama wakaanza kutikisa vichwa kwa kukubali. Mzee mmoja akamwambia mwenzake kwamba kijana huyu siyo wa kuropoka. Wakamshangilia mpaka vumbi likapanda.

Kwa kazi ya mikono yangu!

Nikatia punje za kahawa ya kutafuna mdomoni ili nitulize roho. Katibu Mutembei akaanza hotuba yake. Mara akasita, akainama kuchungulia chini ya jukwaa. Katibu Kata naye akachungulia. Wakamtuma mgambo akatafute mbuzi anayetafuna huko chini. Hakumpata. Viongozi wa ajabu.

Kitelezi changu kilikuwa chini. Chini kabisa! Kwa hiyo nikamnong'oneza Kashaija kwamba hotuba hii ni ndefu kama njia ya Biharamulo na haina hata kivuli cha kupumzikia, na kwamba Zahoro akipewa gari mimi nahamia kisiwani Bumbire.

Katibu akakatiza hotuba. Akaniangalia. Wote jukwaani wakaniangalia. Kisha akawatangazia wananchi kwamba Ndugu Rwegasira ameona hotuba imekuwa ndefu, na amesema kweli, hivyo anaifupisha. Makofi! Hayajapigwa mengine kama hayo siku nzima.

"Msemaji wa gari," akamalizia, "awe mtu anayejua ni wakati gani anasikika. Gari ni la Ndugu Zahoro. Na Ndugu Rwegasira tutamtafutia mtumbwi."

Jumanne, 8 Julai

Usaliti. Nimefikiri kutwa nzima. Kitelezi kilikuwa chini, basi aliyepeleka maneno ni Kashaija. Lakini Kashaija hakuinuka kitini. Hilo ndilo linalotisha: ana njia zake.

Nimemhoji mbele ya kibuyu cha lubisi, pombe yetu ya ndizi. Kasema labda ni lile tundu la Georgina, la kabla ya koki. Nikamwambia asikwepe swali. Akamimina lubisi iliyobaki kwenye kikombe chake, akaniaga.

Klaudia kauliza kama nguo za Bumbire azikunje au azitie tu kwenye kikapu.

Alhamisi, 10 Julai

Zahoro kaja! Kanikuta nageuza kahawa mkekani. Kanipa shikamoo, kakaa chini, kaanza kugeuza naye. Kasema anaomba nifuatane naye kwenye gari, nisimamie mtambo. Eti tangu aanze kuimba, ngoma ndizo zilizokuwa zikimkimbiza, na siku ile mwangwi wa miguuni ulimfundisha kungoja. Hajawahi kusikilizwa namna ile maishani. Anautaka vile vile, kila kijiji. "Bila wewe, mwalimu, mimi si kitu."

Nimemsikiliza kwa utulivu wa mtu aliyekwishaelewa. Ananiogopa! Anataka niwe karibu anichunge.

Nimekubali, kwa sharti la kiti cha mbele. Cha mbele ni cha dereva na Zahoro. Nitakaa nyuma na jenereta. Ni sawa kinadharia: ndiko umeme unakotoka.

Klaudia alipokuwa akinifungia ndizi za safari alicheka mpaka akakaa chini. Sikumuuliza.

Kesho tunaanzia Kimwani. Na kosa langu la Sabasaba nimeligundua: mwangwi ulikuwa mdogo mno. Kesho nakizungusha kifundo chekundu hadi mwisho, wote miguuni mwake. Atangoja mpaka jua lizame. Gari litakuwa langu kabla ya Jumapili.