Siafu wa Kitaya na Huruma Yangu

Jamani, leo sura yangu nimeiacha Kitaya. Nawaandikia upesi kabla habari haijafika Mikindani kwa midomo mingine, maana lori zima limenicheka mpaka mjini.

Mnajua mimi ni karani wa duka la Mhindi hapa Chikongola. Tajiri wangu amepata mgeni kutoka Bara Hindi, mwalimu wa yoga, mzee mkavu asiyekula hata yai. Anataka kufundisha vijijini mazoezi ya mwili na huruma kwa kila kiumbe. Akatafuta mkalimani. Nikadakia: "Twende Kitaya!" (Viumbe havikunihusu. Kitaya ndiko kwa kina Somoe, na posa yangu ina wiki tatu haijajibiwa.)

Nikavaa suruali ya kaki, pasi imenyooka. Tukakuta watu wamejaa uwanjani. Mbele kabisa Mzee Chilumba, babake Somoe. Upande wa wanawake, mama yake. Mkwe! Nikainamisha macho kwa adabu.

Mwalimu akasema, nikatafsiri: usiue kiumbe chochote.

"Hata nguruwe wanaomaliza mihogo yangu?" akauliza Mzee Chilumba.

"Hata hao, mzee."

"Basi niwaachie shamba, mimi nikalale porini?"

Uwanja ukaangua kicheko. Nikaiona posa yangu inavuka Ruvuma kwenda kwa Wareno. Nikaongeza maneno ambayo mwalimu hakuyasema: "Wazee wangu, tangu nimjue mwalimu huyu, mimi hata siafu siui! Moyo umekuwa laini." (Nilimjua juzi.)

Mzee akatikisa kichwa taratibu. "Moyo laini ni jambo jema kwa mume."

Kwa mume! Nikavimba. Mwalimu akaniambia tuonyeshe pamoja zoezi la mti: mguu mmoja, mikono juu, macho umefumba. Nikachagua mahali ambapo mzee angeniona vizuri. Chini sikutazama, na mvua ya jana ilikuwa imewatoa siafu.

Wa kwanza akaniuma kifundoni. Nikatabasamu. Wa pili gotini. Nikatabasamu zaidi. Halafu wakapanda kikosi kizima, na huko walikofika sitawaandikia.

"Mama yangu wee!" Nikajipiga paja. Pwa!

"Mmoja huyo!" akasema Mzee Chilumba.

Pwa! Pwa!

"Watatu!"

Suruali ikatoka. (Sijui niliivua au ilinikimbia.) Nikabaki na shati tu, mbele ya mama mkwe, nakanyaga siafu kwa miguu yote miwili na kuwatukana kwa Kiswahili, Kimakonde na Kigujarati! Wanawake wakageuka wote. Mama Somoe akanirushia kanga yake bila kutazama. Nikajifunga. Natamani ningezama pale pale.

Mwalimu? Bado yuko kwenye mguu mmoja, macho kafumba, katulia.

Wakati wa kupanda lori Mzee Chilumba akanifuata.

"Mwanangu, Somoe naye ana ulimi mkali. Siku akikuudhi itakuwaje?"

"Lakini mzee, yeye si siafu!"

"Siafu nao uliwahurumia vizuri tu, mpaka walipokuuma."

Nikapanda lori na kanga kiunoni. Jibu la posa nitapewa siku nitakayoirudisha kanga, na mama mkwe ameagiza nije nimevaa suruali mbili. Atakayecheka, harusini asije.