Kaimati Tano za Methani

Jumatano, 4 Machi
Mwalimu Abdulghani wa tuisheni pale Mabawa anatafuta msaidizi mmoja wa kemia. Kati yetu tuliomaliza kidato cha nne tumebaki wawili, mimi na jirani yetu Shadya. Jumamosi kila mmoja ataeleza jinsi atomu za methani zinavyoshikana. Baba kasema nikikosa, Jumapili naenda Kigombe kwa shangazi Time kuanika mwani. Mbele za watu sauti yangu hukauka. Shadya huongea hata na milango. Lakini nina mpango. Nitaunda methani, ijieleze yenyewe.

Alhamisi, 5 Machi
Nimekaanga kaimati tano. Kubwa kaboni, nne ndogo hidrojeni, vijiti vya mishikaki ndivyo vifungo. Nikazilaza kwenye sahani kama pangaboi, sawasawa na picha ya kitabuni. Nikaziacha jikoni, nikaenda kuswali alasiri. Kurudi, hakuna. Bibi Mwanamkasi kazipeleka futari kwa jirani. Jirani yupi? Kwa kina Shadya. Nikamwambia Bibi ile ilikuwa methani. Kasema angejua angeimwagia shira, maana ilikuwa kavu.

Ijumaa, 6 Machi
Sahani imerudi. Mama Shadya hawezi kuirudisha tupu, kwa hiyo ina tambi. Na kikaratasi cha Shadya: kaimati zilikuwa tamu, ila obitali moja ya s ikichanganyika na tatu za p zinapatikana nne zinazolingana, nazo husukumana mbali. Pembe ni nyuzi 109.5, siyo 90. Niinue vijiti.

Anakula methani yangu, kisha ananisahihisha. Huu mtego. Nimekaanga nyingine, bapa vilevile. Tambi nimefuturu nazo, lakini kwa chuki.

Jumamosi, 7 Machi
Niliweka sahani mezani, nikaiacha ijieleze. Mwalimu akauliza pembe. Nikanong'ona tisini. Akasema methani siyo chapati. Elektroni hukimbiana, hata atomu za maji hazikai kwenye mstari mmoja. Shadya akachukua kaimati zangu. Vijiti vitatu chini kama miguu ya kigoda, kimoja juu. Ikasimama. Darasa likapiga makofi.

Kaimati zangu, makofi yake.

Kisha akamwomba Mwalimu atuchukue sote wawili: yeye aeleze, mimi niunde. Mwalimu akakubali. Ndipo sauti yangu ikatoka, hadi watu wa nyuma wakageuka. Nikasema sitaki. Mimi ni neoni, sishirikiani na mtu.

Jumapili, 8 Machi. Kigombe
Mikono inanuka mwani. Shangazi Time kauliza mtu mwenye akili anakataaje kazi aliyokwisha kupewa. Nikamwambia hajui kemia.

Nina mpango mpya. Kesho nitamtumia Mwalimu molekuli ya maji. Nimeshaikaanga: kaimati tatu kwenye kijiti kimoja, zimenyooka kama rula. Tuone Shadya atainua nini.

Nimeziacha jikoni kwenye sahani. Naenda kuswali alasiri.