Kope Nzito za Sila

Jumatatu, 5 Agosti 1912. Mpwapwa.
Nimechapwa tena kwa kulala darasani. Sikulala! Nimezaliwa na kope nzito, zinafunika nusu ya jicho. Nilikuwa nasoma Zaburi, tena naielewa. Yotham, ambaye macho yake yamemtoka kama ya panzi, aliwaambia wenzake wanyamaze, marehemu Sila amepumzika. Kicheko darasa zima. Na Jumamosi Mwalimu Elieza anachagua mmoja wetu akasomee ualimu! Nani atamchagua marehemu?

Jumanne, 6 Agosti.
Nimepata njia. Nikapaka utomvu wa mgunga, nikazibandika kope juu, karibu na nyusi. Nikaiona dunia nzima! Kisha upepo ukavuma. Vumbi lote likaingia, na kufumba siwezi. Dada Yudith alinibandua kwa maji ya vuguvugu. Nusu ya nyusi imekwenda. Alisema nafanana na ndama aliyezaliwa leo.

Alhamisi, 8 Agosti.
Mganga wa Kijerumani yupo bomani, anachanja ndui. Kila nilipomkaribia niliona haya, nikarudi nyuma ya foleni. Mwishowe nikamnong'oneza Hamidi, mkalimani wake, kwamba naomba kope zangu zikatwe, kidogo tu. Mganga hakucheka. Alinishika kidevu, akanitazama kwa muda. Hamidi akatafsiri: kisu kikizidi kidogo, jicho halifungi tena, lisipofungwa hukauka, likauma, mwisho likapofuka. Kidonda chenyewe kinaweza kuoza. Kama naona vizuri, niende nikasome. Hamidi akaongeza la kwake: "Kijana, wenzako wanakuja hapa vipofu, wewe unaomba kisu?"
Nimekaa nalo hadi jua likazama. Bila macho, Zaburi ni karatasi tu mikononi. Naacha. Naacha kabisa.

Jumamosi, 10 Agosti.
Nimechaguliwa mimi! Mwalimu alisema nasoma kama mtu anayesimulia jambo aliloliona mwenyewe. Nikajikaza, nikamwuliza kuhusu kope. Akashangaa: kope zipi? Siku ile alinichapa kwa sababu nilikuwa nakoroma. Yotham amenuna. Siku njema kuliko zote.

Jumatatu, 12 Agosti.
Nimewaza. Mwalimu Elieza amenizoea. Walimu wa huko niendako hawanijui, wataniona nimelala siku ya kwanza tu. Kwa hiyo leo nimekwenda kwa babu Matonya, anayetoboa masikio ya ukoo wetu wote. Jicho hajawahi kulikata, lakini anasema nyama ni nyama. Na ni fundi kweli! Kila sikio alilolishika linaning'inia hadi begani. Atanipachika pia kijiti kwenye kope, kama afanyavyo siku zote kwenye masikio, ili ngozi ivutike vizuri.
Maneno ya mganga sikuyasahau. Mimi si mjinga. Ndiyo maana tumekubaliana kesho akate kope ya kushoto peke yake. Jicho la kulia litabaki la kusomea.